Ndoa ya Stara

Ukikulia Ukunda, Diani au Msambweni, kuna swali moja halikuachi: utaoa lini? Msichana naye: utaolewa lini? Utaulizwa arusini, utaulizwa matangani, utaulizwa Idi hii na Idi ijayo. Huanza kwa utani wa shangazi, huishia kwa kikao cha wazee. Shoga na msagaji huulizwa kama wenzao, na wengi wao wamelijibu kwa kuoa na kuolewa. Na wapo, Kenya kama kwingineko, wanaooana wao kwa wao: mwanamume apendaye wanaume na mwanamke apendaye wanawake, wakaafikiana kusitiriana. Jamaa wapate arusi yao, nao wapate pumzi.

Utasikia watu wakisema ati haya yameletwa na watalii wa Diani. Historia ya pwani yasema vingine. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Gill Shepherd alichapisha makala kuhusu Mombasa, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni. Alieleza kuwa ndoa ya kwanza ya binti ilikuwa ya wazazi wake: wao ndio waliomchagua mume, na arusi ndiyo iliyomtoa utotoni. Akishaachwa au kufiwa, alikuwa mtu mzima mwenye kauli yake. Wasagaji aliowaelezea walikuwa wengi wao wameshapita mlango huo. Mashoga nao, wengi waliishia kuoa na kuzaa. Yaani mji ulidai arusi kwanza, na yaliyofuata hayakuulizwa sana mradi yasitangazwe. Siri ya mtungi muulize kata.

Kusini, kwa Wadigo, mambo yalikuwa na uzito wake mwingine. Zamani urithi ulipitia upande wa mama, mtu akimrithi mjomba wake, kwa hiyo mjomba alikuwa na sauti nyumbani. Uislamu ulipokita, sheria ya baba na wanawe ikasukumana na desturi hiyo kwa miaka mingi. Lakini pande zote mbili zilikubaliana jambo moja: mtu bila ndoa hajakamilika. Ndoa ni ya ukoo, ni shamba, ni minazi, ni nani atamzika nani. Kukataa kuoa ni kuwakataa wote hao.

Kisha sheria ya serikali. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, iliyoletwa na Mwingereza, bado ipo: kifungu cha 162 chatoa kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165, kinachowataja wanaume tu, hadi miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikataa kuviondoa. Na Kwale ina kesi yake. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, wakapelekwa Mombasa kupimwa miili yao kwa nguvu. Mahakama ya Rufani ya Mombasa iliamua Machi 2018 kuwa upimaji huo ulivunja haki zao. Walishinda, ndiyo, lakini baada ya miaka mitatu. Baada ya kisa kama hicho, cheti cha ndoa kina thamani gani kwa kijana wa Ukunda? Ni kinga.

Kinga hii haiko pwani tu. China ilifuta adhabu mwaka 1997, na bado mashoga na wasagaji wengi wa huko walitafutana kwenye intaneti waoane, kwa ajili ya wazazi. Kumbe sheria ikilegea, mama bado anasubiri mjukuu.

Lakini tusiipambe. Wawili hawa hujificha chini ya paa moja, ila mlango wa kutokea si mmoja. Chini ya sheria ya Kiislamu mume ana talaka mdomoni mwake. Mke akitaka kutoka na mume akagoma, itabidi aende kwa Kadhi aeleze sababu, na sababu yenyewe ndiyo ile asiyoweza kuitamka. Mume akifa bila mtoto, mke hupata robo. Mke akifa bila mtoto, mume hupata nusu. Na mtoto asipopatikana, maneno ya jamaa humwendea nani kwanza? Mwanamke. Ataitwa tasa, atatafutiwa mganga, ataletewa habari za mke wa pili.

Polisi humwinda zaidi mwanamume, nyumba humbana zaidi mwanamke. Kwa hiyo makubaliano ya kusitiriana, hata yakifanywa kwa nia njema, huwa na mizani iliyolala upande mmoja. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 45, yasema ndoa ni kwa hiari ya wawili. Ibara hiyo hiyo yasema ni ya jinsia mbili tofauti. Ndoa ya stara yatimiza sharti la pili barabara. La kwanza, la hiari, wazee wanapokaa mkekani kupanga siku ya arusi, ni nani huliuliza?