Nyumbu amekula kilo ngapi?

Wandugu, kimya changu ni cha prakitiko. Tangu masika yaanze kazi yetu ni moja tu: kukata majani, kuyapima, kuyakausha kwenye oveni, kuyapima tena. Uluguru imejifunika mawingu, majani yote yamelowa, na juzi mwenzangu wa kundi, huku anajikuna, akauliza: hivi nani alianzisha mambo haya? Nikaingia maktaba. Nimetoka huko ubwabwa umeshaisha, kwa hiyo someni tu.

Kwanza, vitabu vingi vya somo hili vinaongelea wale wanyama wa Ulaya na Marekani wanaofanana na swala ila huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Kwetu hawapo. Tuna swala wenyewe, nyumbu, nyati. Lakini swali ni lile lile: mnyama wa porini humwekei sahani, sasa utajuaje kala kiasi gani, na masika ni tofauti vipi na kiangazi?

Serengeti walianzia tumboni. Mwaka 1968 Gwynne na Bell walichapisha walichokikuta: pundamilia anameza mashina mengi, nyumbu anapenda majani zaidi, swala tomi ndiye mchaguzi kupita wote. Bell akaonyesha pia kwamba wanafuatana. Pundamilia anatangulia kwenye nyasi ndefu, nyumbu anafuata, swala tomi anamalizia. Nilicheka peke yangu, maana ni foleni ya kafteria kabisa. Ila tumbo linakwambia mnyama kala nini, halikwambii mbuga imebakiwa na nini.

Hapo ndipo anapoingia Mmarekani Samuel McNaughton. Mwaka 1974 alipima majani wakati makundi ya nyumbu yanatoka kwenye nyanda za wazi mwanzoni mwa kiangazi. Walipopita, uzito wa majani ulipungua kwa asilimia 85 na urefu kwa asilimia 56. Ungekuwa wewe ungefunga daftari, ukaandika pamekwisha. Yeye akaendelea kupima. Palipolishwa pakachipua upya, pa jirani ambapo nyumbu hawakupita hapakuchipua vile, na kiangazi swala tomi wakawa wanafuata hapo hapo walipolisha nyumbu. Mwaka 1985 akatoa hesabu ya mwaka mzima: kwa wastani wanyama wanakula asilimia 66 ya majani yanayoota juu ya ardhi, kuna sehemu 15 tu, kuna sehemu 94.

Na ndiyo sababu ya vizimba vyetu vya waya. Unakata ndani, unakata nje, tofauti ndiyo iliyoliwa. Ukikiacha kizimba mahali pamoja muda mrefu, majani ya ndani yanazeeka bila kuliwa na hayafanani tena na ya nje, hesabu inakudanganya. Kwa hiyo unahamisha. Unahamisha tena. Mgongo ni wako.

Mniwie radhi kama naonekana kuchukulia nyasi kwa uzito sana. Kwetu ni Kilosa. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sikuwa nimezaliwa, ila nimekua nikisikia. Nyumbani kauli ni moja, ng'ombe wamemaliza. Wafugaji nao wanasema nyasi zipo, zinaota. Kwa nilivyosoma, wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea unasimama shambani mwezi wa nne au wa kumi. Lakini ng'ombe si nyumbu, jamani. Nyumbu analisha siku chache anaondoka na nyasi zinapumua. Ng'ombe anaondoka akiswagwa, na siku hizi aswagwe kwenda wapi? Idadi ya mifugo iliyopangwa kwa kupima masika peke yake, mimi siiamini.

Nilimwambia baba haya kwenye simu. Akanyamaza, halafu akauliza kama nimeshakula.

Kesho saa 12 asubuhi tunahamisha vizimba. Mwenye gambuti namba 8 za kuazima anishtue leo leo.