Kutoka ng'ombe hadi prostati

Ndugu zangu, sisi wa agronomia tunajua kuhasi ng'ombe. Kumbe kutoa makende ndiko kulifungua pia njia ya kutibu kansere ya prostati, tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu. Kule Chicago, Charles Huggins alianza kuchunguza mbwa, na mwaka wa 1941 akaonyesha kwa wagonjwa: testosteroni ikipungua, kansere inaweza kurudi nyuma. Alipata Nobel mwaka wa 1966. Leo kuna sindano zinazofanya kazi hiyo bila kisu. Hazimalizi kansere iliyosambaa, lakini zinaizuia kwa muda.

Baba yangu mukubwa alificha shida yake ya mkojo, juu aliogopa "kuhasiwa sawa ng'ombe". Alipofika kwa munganga, tulikuwa tumechelewa. Wababa, musingoje. Muende kuuliza mapema.