Mashamba ya Wafalme Wainka katika Bonde la Yucay

Bonde ambalo leo huitwa Bonde Takatifu la Wainka liko kusini mwa Peru, katika milima ya Andes, nalo hufuata mkondo wa mto Urubamba kutoka Pisac hadi Ollantaytambo, kwenye kimo cha kati ya mita 2,800 na 3,000 juu ya usawa wa bahari, yaani takriban mita 500 chini ya Cusco, mji uliokuwa makao makuu ya Wainka. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo iliyoliletea bonde sifa na misukosuko yake, kwa sababu mahindi, ambayo huponea kwa shida katika baridi ya usiku ya nyanda za juu, hapa hustawi na kutoa punje kubwa nyeupe ambazo mpaka sasa zinatafutwa katika masoko ya Cusco. Jina la "Bonde Takatifu" lilienea katika karne ya 20 pamoja na utalii. Hati za Wahispania wa karne ya 16 zililiita bonde la Yucay, na jina hilo la zamani linafaa zaidi kwa mwanahistoria, maana halifuniki ukweli kwamba hapa palikuwa kwanza mashamba, na mashamba hayo yalikuwa na wenyewe.

Mgeni anayezungushwa bondeni kwa siku moja huondoka Cusco asubuhi mapema, akapitishwa Chinchero, Moray, Maras na Ollantaytambo, au akaanzia Pisac, kisha akarudishwa jioni. Safari hiyo hufuata barabara wala haifuati wakati, na kila anaposimama huambiwa kwamba mahali hapo palijengwa na Wainka. Kauli hiyo si ya uongo, ila inameza mambo mawili ambayo bila hayo magofu hayasomeki: nani alimiliki, na nani alibeba mawe.

Kuhusu umiliki, jibu liko wazi kiasi. Pachakuti, ambaye kwa mapokeo ya wanahistoria alishika utawala mwaka 1438 baada ya kuwashinda Wachanka, maadui wa Wainka, alijitwalia Pisac na Ollantaytambo, na chini zaidi ya mto akajenga Machu Picchu; mwanawe Tupa Inka Yupanki akajenga Chinchero; na mjukuu wake Wayna Qhapaq akachukua eneo la Yucay na Urubamba. Maeneo hayo hayakuwa mali ya dola kwa maana ya kawaida. Mtawala alipofariki, mrithi wake alipokea kiti cha enzi tu, ilhali ardhi, watumishi na mazao vilibaki mikononi mwa ukoo wa marehemu, ulioitwa panaka, ambao ulitunza mwili wake uliokaushwa, ukauvisha, ukaupelekea chakula na kinywaji, na kuutoa hadharani siku za sherehe kana kwamba mwenye mali bado yu hai. Kila mfalme mpya, kwa hiyo, alilazimika kujitafutia mashamba yake mwenyewe, na ndiyo sababu mabonde ya karibu na Cusco yalijaa majumba ya wafalme katika muda usiozidi miaka 100.

Waliojenga walikuwa wengine. Watawala wa Wainka hawakutoza kodi ya fedha, kwa kuwa fedha haikuwapo. Walidai kazi, kwa utaratibu ulioitwa mit'a, neno la Kikechua lenye maana ya zamu, ambapo kila jamii ilitoa watu wa kufanya kazi kwa muda fulani kisha wakarudi kwao, na hesabu zao zikatunzwa kwa kipu, yaani kamba zilizofungwa mafundo. Mbali na hao walikuwapo mitmaqkuna, watu waliohamishwa kutoka mikoa ya mbali wakalowea huko walikopelekwa, na yanakuna, watumishi wa kudumu waliokatwa kabisa na jamii zao za asili. Wayna Qhapaq alipotaka kulima sakafu ya bonde, iliyokuwa kinamasi, alileta watu kutoka pembe nyingi za himaya wakakausha maji na kuunyoosha mto. Kati ya Pisac na Calca, Urubamba bado unapita katika mfereji wa kuta za mawe wenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, na watalii wengi hupita kando yake wakidhani kwamba mto uliumbwa hivyo.

Kazi kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni matuta ya ngazi yanayoonekana kila upande wa bonde. Tuta halikuwa ukuta tu uliorundikiwa udongo nyuma yake. Chini waliweka mawe makubwa, juu yake changarawe, kisha mchanga, na mwishoni udongo wa rutuba ambao mara nyingi ulibebwa kutoka mahali pengine, ili maji ya mvua yachujike polepole bila kuusukuma ukuta, huku mawe ya ukuta yakinyonya joto la jua mchana na kulirudisha usiku, mizizi isiunguzwe na jalidi. Ukuta wenyewe uliinamishwa kidogo kuelekea mlimani. Kwamba mengi ya matuta hayo yamesimama zaidi ya miaka 500 katika nchi ya matetemeko ni ushahidi wa ujuzi wa watu ambao hakuna hati iliyotaja majina yao, na heshima wanayopewa wafalme kwa ajili ya kuta hizi ingestahili kugawanywa upya.

Ushahidi huohuo uko Ollantaytambo. Juu ya matuta yake, katika sehemu iitwayo Hekalu la Jua, yamesimama mawe makubwa sita ya rangi ya waridi yaliyopangwa bega kwa bega, ambayo yalichongwa katika machimbo ya Kachiqata, upande wa pili wa mto, kilomita kadhaa kutoka hapo na juu sana mlimani. Wachongaji hawakuwa na chuma. Waligonga jiwe kwa jiwe gumu zaidi, na mtafiti Jean-Pierre Protzen, aliyechunguza machimbo hayo kwa miaka mingi, alijaribu mwenyewe njia hiyo akaonyesha kwamba inafaa na kwamba haichukui muda mrefu kama ilivyodhaniwa. Mawe yaliteremshwa kwa mitelezo, yakavushwa mtoni, yakakokotwa kwa kamba hadi juu. Mengine hayakufika: bado yamelala njiani na shambani, na wenyeji huyaita mawe yaliyochoka.

Moray inahitaji maneno machache. Ni mashimo mapana ya asili yaliyozungushiwa matuta ya duara, kubwa kati yake likiwa na kina cha karibu mita 30, na waongoza watalii wengi husema kwamba palikuwa kituo cha kujaribia mbegu, kwa sababu joto la chini hutofautiana na la juu. Wazo hilo lilitolewa na mwanaanthropolojia John Earls na lina mvuto, lakini wengine wanaona kwamba palikuwa mahali pa ibada, na si haki kumpa mgeni jibu moja kana kwamba mjadala umefungwa.

Kisha Wahispania waliivamia himaya. Mwaka 1536 Manko Inka, ambaye walikuwa wamemsimika kuwa mfalme wakitumaini atawatii, aliasi, akauzingira Cusco, kisha akajiimarisha Ollantaytambo. Kamanda wa Kihispania Hernando Pizarro alipomfuata huko mapema mwaka 1537 kwa askari wa farasi, watu wa Manko walifungulia maji ya mifereji ya umwagiliaji yakafurika uwandani, farasi wakazama matopeni, na Wahispania wakarudi nyuma. Mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mahindi ya mfalme iligeuka silaha. Ushindi huo haukudumu, kwani Manko alihamia Vilcabamba, kwenye misitu, na mwishoni mwa miaka ya 1550 mwanawe Sayri Tupaq alishawishiwa kutoka huko kwa ahadi ya kupewa Yucay, ardhi ya babu yake Wayna Qhapaq. Hakuishi miaka mingi. Urithi ulimwangukia binti yake, Beatriz Clara Coya, akaozwa Martín García de Loyola, kapteni yuleyule aliyemkamata mwaka 1572 Tupaq Amaru, baba mdogo wa bibi harusi, ambaye alikatwa kichwa katika uwanja wa Cusco. Shamba la Wainka likaingia hivyo katika nyumba ya Kihispania kwa njia ya ndoa, na ni vigumu kuisoma habari hiyo bila uchungu.

Katika miaka hiyohiyo ya 1570, Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme wa Hispania, aliwahamisha wenyeji kutoka makazi yao ya milimani na kuwapanga katika miji mipya yenye mitaa iliyonyooka, kanisa likiwa katikati. Pisac ya chini, yenye soko maarufu, ni mmoja wa miji hiyo. Mit'a nayo iliendelezwa kwa jina lake la zamani, lakini sasa ikawa shokoa ya kuwapeleka watu migodini. Baadaye mabwanyenye walitawala bonde kwa karne kadhaa, wakulima wakiwafanyia kazi ili waruhusiwe kulima kipande kidogo, mpaka sheria ya mageuzi ya ardhi ya mwaka 1969, chini ya Juan Velasco Alvarado, ilipovunja mfumo huo.

Kilichovuka misukosuko hiyo yote si mali ya panaka yoyote, bali desturi za waliofanya kazi. Ayni, yaani kusaidiana shambani au kwenye ujenzi kwa sharti la kurudishiwa siku kwa siku, bado ipo, na minka, inayokaribiana na ujima, huwakusanya watu kusafisha mifereji. Chicha, pombe ya kimea cha mahindi ambayo zamani ilitengenezwa na wanawake teule wa dola ili mfalme awakirimu wafanyakazi wake, leo inauzwa na wanawake wa vijijini majumbani mwao, nao hutundika kitambaa chekundu kwenye mti mrefu kuwa alama kwamba imeiva. Huko Chinchero, ambako kanisa limejengwa juu ya kuta za jumba la Tupa Inka, wanawake husokota sufu ya alpaka na kuitia rangi nyekundu inayotokana na wadudu wa mpungate. Huko Maras, mashamba ya chumvi zaidi ya 3,000, ambayo asili yake ni ya kabla ya Wainka, hupokea maji ya chemchemi moja kwa zamu, na kila familia ina vijaruba vyake.

Viazi navyo vina habari yao. Mswahili huviita viazi ulaya, kwa sababu vilimfikia kwa mikono ya Wazungu, lakini kwao ni Andes, ambako vililimwa maelfu ya miaka kabla ya Wainka. Mwaka 2004 jumuiya za milimani juu ya Pisac zilitia saini mkataba na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao Lima, ambacho kilikubali kuzirudishia mbegu za aina 410 zilizokuwa zimekusanywa na kuhifadhiwa na wanasayansi. Mbegu hizo ziko shambani leo, zinalimwa kwa ayni, na kwa kuwa joto limeongezeka, wakulima huzipanda juu zaidi ya pale walipopanda wazazi wao.