Historia ya Karagwe haianzi na Speke

Leo nimeleta historia, ila ya mawe. Msikimbie!

Sisi wa Nyakahanga tukiulizwa historia ya kwetu tunarukia kwa mfalme Rumanyika na Speke, aliyefika Bweranyange mwaka 1861. Sawa. Lakini lile jiwe gumu la vilimani, tunalojengea misingi na kugonga kokoto, lina kumbukumbu ya zamani zaidi.

Utalijuaje? Likwaruze kwa kisu: halichubuki. Lidondoshee asidi kidogo: halitoi povu, basi sio chokaa. Kisha livunje. Jiwe-mchanga la kawaida linapukutika, punje zinaachiana. Hili linakatika katikati ya punje zenyewe, maana zimeshikana zikawa kitu kimoja. Wataalamu wanaliita kwatzaiti. Zamani lilikuwa mchanga tu, uliotuama karibu miaka bilioni 1.4 iliyopita, ukafukiwa, ukakandamizwa na kupata joto. Mawe laini ya jirani yake yaliliwa na mvua, lenyewe likagoma, ndio maana vilima vyetu bado vimesimama. Wanajiolojia wanauita ukanda huu Karagwe-Ankole, kwa sababu jiwe halijui mpaka wa Tanzania na Uganda.

Sasa watu. Mwaka 1920 Mwingereza E. J. Wayland alikuta zana za mawe Sango Bay, Uganda, karibu na Mto Kagera unapoingia Ziwa Victoria. Kutokana na jina hilo, utamaduni wa zana za aina ile ukaitwa Sangoan. Zana nyingine zikapatikana Nsongezi, ukingoni mwa Kagera hiyo hiyo, ng'ambo tu ya kwetu. Nyingi ni za kwatzaiti na kwatzi. Waliozichonga waliishi makumi ya maelfu ya miaka kabla ya chuma, na walijua jiwe gani likigongwa linatoa makali. Hiyo ni elimu jamani, tena bila chuo!

Kinachoniuma ni kwamba zana ya namna hiyo ikipita chini ya nyundo ya kokoto, imekwisha. Wale hawakuandika kitabu, hilo jiwe ndio kitabu chao.

Kwa hiyo mkienda likizo, lichunguzeni jiwe kabla ya kuligonga. Likiwa na makovu ya kumenywa yaliyofuatana ukingoni, hasa pande zote mbili, msilihamishe. Pigeni picha, muwape taarifa watu wa Mambo ya Kale.

Haya, tuonane darasani.