Rameni, sake na watu wasio na jiko

Mtu akikuambia rameni ni chakula cha jadi cha Wajapani, mwambie apunguze mwendo. Nilipokuwa mwanafunzi Yokohama nilifanya kibarua cha kuosha mabakuli kwenye mgahawa wa viti vinane: wapishi upande huu, wateja upande ule, katikati kaunta ya mbao. Mwenye mgahawa, mzee ambaye wateja walimwita Taisho, hakujisifia urithi wa mababu. Kwake rameni zilikuwa tambi za Wachina. Sake, pombe ya mchele, ndiyo iliyokuwa ya nyumbani.

Na kweli sake ndiyo iliyotangulia. Izakaya, yaani vilabu vya Kijapani vya pombe na vitafunio, zilianza kama maduka ya pombe tu: mteja anakuja na chombo chake, anapimiwa, anaondoka. Lakini Edo, ambayo leo ni Tokyo, ulikuwa mji wa wanaume wasio na jiko. Kuanzia 1635 shogun, mtawala wa kijeshi, aliwalazimisha mabwana wa majimbo kuishi Edo kwa zamu, na kila bwana alikuja na msururu wa watumishi walioacha wake zao kwao. Moto wa 1657 ukateketeza sehemu kubwa ya mji, wakamiminika maseremala na vibarua wa kuujenga upya. Watu kama hao hawakuwa na haja ya kubeba sake kwenda nayo popote. Waliinywa papo hapo dukani. Wenye maduka nao si wajinga. Toshimaya, duka la mtaa wa Kanda lililoanzishwa 1596, lilifikia kuuza sake karibu kwa bei ya kununulia, pamoja na vipande vikubwa vya tofu iliyopakwa miso (soya iliyochachushwa) na kuchomwa, huku likijipatia chake kwa kuuza mapipa matupu. Wachukuzi na waongoza farasi wakajaa mlangoni. Hesabu ya 1811 ilikuta izakaya 1,808 mjini. Filamu za samurai zinatudanganya zinapowaonyesha wanywaji wameizunguka meza. Walikaa kwenye mabenchi mapana, trei ya chakula kando ya paja.

Mnywaji huyo wa Edo angelishangaa bakuli la rameni na nyama yake. Nyama ya wanyama wa miguu minne iliepukwa Japani kwa karne nyingi, ingawa hawakukosekana walioila wakisingizia dawa. Bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni 1859, wakaja wafanyabiashara wa Ulaya na, pamoja nao, Wachina na wapishi wao. Mwaka 1872 watu wakatangaziwa kuwa Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama. Kisha 1910 Ozaki Kan'ichi, aliyewahi kufanya kazi forodhani Yokohama, akafungua mgahawa wa tambi wa Rairaiken mtaa wa Asakusa, Tokyo, akaajiri wapishi 12 Wachina. Baada ya hapo tambi zikaingia mitaani kwa mikokoteni ya usiku, muuzaji akipuliza charumera, ndugu wa zumari yetu ya pwani.

Lakini kilichoifanya rameni kuwa ya kila mtu ni njaa. Vita vilipokwisha 1945, mavuno ya mpunga yalikuwa mabaya, mchele wa Korea na Taiwan haukuja tena, na mamilioni ya Wajapani walikuwa wakirejeshwa kutoka ng'ambo. Kilichokuja ni ngano ya Marekani. Unga ukavujia kwenye masoko ya magendo, ukageuka tambi katika vibanda vilivyoandamwa na polisi. Mfanyabiashara Ando Momofuku aliiona foleni mbele ya kibanda kimoja huko Osaka, na 1958 akaingiza sokoni tambi kavu za kumwagia maji ya moto, asili ya hizi ambazo wanafunzi wetu wanazitegemea bwenini.

Kwa Taisho historia hizi mbili zilikutana kila usiku. Wafanyakazi wa ofisini walianza na bia, mishikaki na kachumbari zao za chumvi, na kabla ya kuondoka kila mmoja akaagiza bakuli la kumalizia. Taisho alipasha bakuli kwa maji ya moto, akayamwaga, akatia upawa mdogo wa sosi ya soya iliyokolezwa, kijiko cha mafuta, kisha mchuzi. Tambi alizikung'uta kwa nguvu kwenye kichujio hata maji yakaruka ukutani. Nyama na majani ya kitunguu vilikuja mwisho.

Mwenzangu wa chumbani, Mzanzibari, hakuonja hata siku moja, na alikuwa na haki. Nyama ile ni kitimoto, na mchuzi mara nyingi huchemshwa kwa mifupa yake. Huko kisiwa cha Kyushu huchemka mpaka uwe mweupe kama maziwa. Kwa hiyo ukienda Japani na hutumii nguruwe, usitosheke kuambiwa kipande cha juu kitaondolewa. Uliza kuhusu mchuzi. Ukiletewa kwenye izakaya kibakuli usichoagiza, usigombane: kinaitwa otoshi na utakilipia. Siku hizi Tokyo na Osaka kuna migahawa ya rameni ya halali, na mingi hupika kwa kuku.