Mishale ya Adui

Mwaka 401 KK Koreshi Mdogo alitaka kumng'oa kaka yake, Artashasta wa Pili, katika kiti cha ufalme wa Uajemi, akakodi Wagiriki zaidi ya 10,000. Wengi walikuwa askari wa ngao nzito na mkuki. Wapiga mishale 200 walitoka kisiwa cha Krete.

Mgiriki wa enzi hizo alimdharau mpiga mishale. Ushujaa kwake ulikuwa kusimama safuni bega kwa bega. Kuua kwa mbali aliwaachia watu wa kulipwa, na Wakrete walisifika kwa kazi hiyo.

Koreshi aliuawa vitani Cunaxa, karibu na Babeli, kisha makamanda wa Kigiriki wakanaswa kwa hila. Jeshi likabaki ugenini, njia ya kurudi ikiwa ndefu. Baada ya kuvuka Mto Zapatas, wapanda farasi 200 na wapiga mishale na makombeo 400 wa Kiajemi waliwaandama mchana kutwa, wakawajeruhi wengi. Wakrete hawakuwa na deraya, wakajibanza nyuma ya wenye ngao, na mishale yao ilianguka kabla ya kumfikia adui. Siku hiyo jeshi zima halikutimiza kilomita 5.

Xenophon, aliyekuwapo na akaiandika safari hiyo, aliwatafuta watu wa Rodo waliojua kutupa risasi kwa kombeo. Ila mimi nawastaajabia zaidi Wakrete. Waliiokota mishale ya Waajemi, wakajizoeza kuirusha juu sana ili ifike mbali, na vijijini wakapata utumbo wa kusokotea nyupote.

Kigumba cha Kikrete kilikuwa kipana na bapa, chenye mkia wa kuchomeka ndani ya mti wa mshale. Kile cha upande wa Uajemi kilikuwa kidogo, cha makali matatu, kimemiminwa kwa shaba nyeusi na kuachwa tundu la kuvikia mti. Vya aina hiyo Spyridon Marinatos alivifukua kwa wingi mwaka 1939 kwenye kilima cha Thermopylae, walipoangukia Wagiriki wa mwisho wakipigana na Waajemi mwaka 480 KK.

Jeshi la Xenophon lilipofika milimani kwa Wakarduki, mambo yalikuwa magumu zaidi: mishale ya huko ilizidi dhiraa mbili, ikatoboa ngao na deraya. Wagiriki waliiokota wakaifunga kanda za ngozi, wakairusha kama mikuki. Huko, asema Xenophon, Wakrete wakiongozwa na Stratocles walilifaa jeshi kuliko kawaida.