Kuituliza diski ngumu ya kompyuta ya nyumbani bila kuipikia ndani ya kasha

KOMPYUTA iliyodhaniwa kuwa bubu jijini Dar es Salaam huanza kusikika mara mwenyewe anapohamia Kibaha au Kisarawe. Mashine ni ileile. Kule Kariakoo au Manzese muungurumo wake ulimezwa na daladala, jenereta na spika za muziki. Huku Pwani, ikishapita saa nne usiku, hakuna cha kuumeza isipokuwa vyura na malori ya Barabara ya Morogoro.

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ipo kilometa zipatazo 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, na inafahamika sana kwa Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963. Kisarawe nayo imekaa juu ya vilima vya Pugu, jirani na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na ndiko iliko Shule ya Sekondari ya Minaki. Wengi wanaoishi huku ni walimu, wanafunzi na watumishi wanaokwenda mjini alfajiri na kurudi jioni. Kompyuta yao ya mezani huwashwa usiku, mara nyingi katika chumba kilekile anacholala mtoto.

Kelele za kompyuta hutokana zaidi na vitu viwili, feni na diski ngumu, ambayo mafundi wengi huiita hadidiski. Feni haina fumbo. Husikika kama upepo, na mara nyingi hutulia ikipanguswa vumbi au ikibadilishwa. Diski ina tabia zaidi.

Ndani ya diski mna sahani zinazozungushwa na mota, na vichwa vya kusomea na kuandikia vinavyokwenda mbele na nyuma juu yake. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na zile za kompyuta mpakato mara 5,400. Mzunguko huo ndio unaozaa ule muungurumo mzito usiokatika. Mwendo wa vichwa huzaa sauti nyingine kabisa, ya kutatarika, kama punje za mahindi zinazoanguka juu ya bati. Diski za zamani zilizotumia beringi za gololi zilikuwa pia na mluzi uliozidi kadiri zilivyozeeka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 beringi za kimiminika zilienea, na mluzi huo ukapungua sana.

Anayetaka utulivu sharti kwanza ajue ni sauti ipi inayomkera, kwa maana dawa ya moja haiiponyi nyingine.

Tuanze na muungurumo. Uzi wa zeze ukiutenga na kibuyu chake hausikiki hatua tatu. Diski nayo ni hivyo hivyo. Yenyewe haina sauti kubwa, bali imekazwa kwa skurubu kwenye kasha la bati, lile ambalo wengi huliita sipiyu, na kasha limesimama juu ya meza ya mbao au sakafu ya saruji. Mtikisiko hupita kwenye skurubu, bati likaimba, meza ikaitikia. Jaribio lake ni rahisi: weka kiganja juu ya kasha na ulikandamize kidogo. Muungurumo ukipungua, basi kinachokusumbua ni kibuyu, wala si uzi.

Dawa yake ni kuwatenganisha. Yapo makasha yanayouzwa yakiwa na pete za raba kwenye matundu ya skurubu, na hizo zinatosha kwa nyumba nyingi. Asiyekuwa nazo anaweza kuitungika diski katika nafasi pana ya kisoma sidii kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ile ile wanayofungia magunia ya mkaa wabebaji wa Kisarawe. Vipande viwe viwili, vivutwe kiasi, na diski isiguse bati popote. Kazi hiyo ifanyike kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa, kwani diski inayozunguka ikitikiswa huweza kuumia papo hapo. Tyubu huchakaa kwa joto, hivyo ikaguliwe kila baada ya miezi michache. Chini ya kasha, vipande vinne vilivyokatwa kwenye kandambili kuukuu hufanya kazi ambayo watu hununulia vifaa vya bei.

Hapa ndipo mwandishi huyu anapotofautiana na ushauri mwingi ulioandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Huko hushauriwa diski ifungiwe ndani ya sanduku lenye sponji, isisikike kabisa. Chumba cha Stockholm mwezi Februari si chumba cha Kibaha chenye paa la bati mwezi huo huo. Sponji huzuia sauti, lakini huzuia joto pia, na watengenezaji wengi huandika nyuzi 60 za Sentigredi kuwa kikomo cha diski. Ni kweli kwamba mwaka 2007 watafiti wa Google, waliofuatilia diski zaidi ya laki moja, walionesha kuwa joto la wastani haliui diski kama ilivyodhaniwa. Hata hivyo, katika joto la juu kabisa, hasa kwa diski zilizokwishazeeka, madhara yalionekana. Na diski nyingi zinazouzwa kwetu ndani ya kompyuta zilizokwishatumika ughaibuni ni wazee. Kwa hiyo itungikwe, isifunikwe, na hewa ya feni ya mbele iifikie.

Kutatarika kwa vichwa kuna dawa nyingine. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ya ramu hukimbilia diski kila mara, hivyo kuongeza ramu hupunguza kelele na kuharakisha kazi kwa pamoja. Diski nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa pia na mpangilio wa kupunguza kasi ya vichwa, kuanzia 128, ulio mtulivu zaidi, hadi 254, ulio wa haraka zaidi. Watumiaji wa Linux huubadilisha kwa programu ya hdparm. Diski nyingi mpya hazina tena mpangilio huo.

Tiba kamili ni diski isiyo na kitu kinachozunguka, ile ya SSD. Haina mota wala vichwa, wala haisikiki. Mwenye uwezo mdogo anunue ndogo kwa ajili ya mfumo wa kompyuta, na ile ya zamani ibaki ghala la picha na nyaraka, iamriwe kulala baada ya dakika 20 bila kazi. Isilazwe kila baada ya dakika mbili, kwa kuwa kuamka na kulala huko nako huichosha.

Kabla ya yote hayo, zipo sauti zisizopaswa kunyamazishwa. Mkato mmoja mkali umeme unapokatika si ugonjwa. Hapo diski hutumia nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka ili kuvirudisha vichwa mahali salama. Lakini mgongo unaojirudia kwa mpangilio, tak, tak, tak, kompyuta ikiwa imeganda, au mkwaruzo kama wa chuma juu ya chuma, ni dalili ya diski inayokata roho. Sauti ya aina hiyo ikianza, zima mashine usiku huo huo. Ikiwa bado inasomeka, nakili kwanza kisichopatikana tena, yaani tasnifu, hesabu za duka, picha za marehemu. Muziki na filamu vitapatikana kwingine.

Ikiwa haisomeki, isifunguliwe. Vichwa huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mara nyingi kuliko unene wa punje ya vumbi, na kazi hiyo hufanywa katika chumba kilichochujwa hewa. Fundi atakayeitoa bisibisi ili aifungue juu ya kaunta ya duka lake, feni ya dari ikizunguka, mwombeni airudishe kama alivyoipokea.